Kiu ya Kaldina

Inspekta Munirah Marjan alikuwa na desturi ya kunusa ushahidi kabla ya kuusoma, na askari wenzake pale kituo cha Bukoto, Kampala, walishachoka kumcheka. Asubuhi hiyo aliletewa kipande cha mpira kilichokutwa chini ya kiti cha dereva, kimefungiwa karatasi iliyosema "mpira wa kunyonyea petroli". Karatasi hakuigusa. Aliupeleka mpira puani, akavuta pumzi, akageuza ncha ya pili, akavuta tena. Kisha akaumulika ndani kwa tochi ya simu, akaona kutu ya kahawia imegandamana mwanzo hadi mwisho.

"Huu haujapitisha petroli," akamwambia koplo aliyeuleta. "Petroli ingeisafisha kutu hii yote. Huu ni mpira wa maji."

Koplo akasema mwizi mzoefu huwa na mipira miwili. Munirah akakubali kwamba huenda ikawa hivyo, akauweka mezani, akaagiza mshukiwa aletwe.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Sista Nuriat Zubairi, mkunga mwenye zahanati ya wazazi kule Kamwokya, alikuwa na Kaldina kuukuu iliyong'olewa viti vya nyuma ikatandikwa godoro, na hiyo ndiyo iliyokuwa ambulensi yake. Geji ya mafuta ilikufa zamani, kama zilivyokufa geji nyingi za mji huu, kwa hiyo sista mwenyewe alikuwa akisimama penye pampu, akapima lita za kutosha safari pamoja na akiba kidogo. Ndani ya Kampala vipimo vyake havikumwangusha hata mara moja. Gari likitoka nje ya mji, mafuta yaliyeyuka. Lilirudi kutoka Masaka likikohoa. Na juzi, likirudi na mama mwenye uchungu kutoka ng'ambo ya msitu wa Mabira, mvua ikimwagika, lilizima kabisa katikati ya miti. Mama yule alijifungulia kando ya barabara mikononi mwa dereva na muuza gonja, zile ndizi za kuchoma, mmoja wa Najjembe. Mungu aliwanusuru, mama na mtoto. Sista Nuriat hakutaka kuijaribu nusura ya pili, akaenda kumshtaki dereva kwa wizi wa mafuta.

Hoja yake ilisimama wima. Mafuta hayapotei mjini anapoyaona, yanapotea safarini asipoyaona, na safarini mwenye usukani ni mmoja. Munirah aliizunguka hoja hiyo pande zote asione ufa, na ndiyo iliyomkera. Kesho asubuhi dereva alikuwa apandishwe mahakamani. Alikuwa mkimbizi kutoka Beni, Kongo, jina lake Mumbere, na mkimbizi akishaandikwa mwizi hakuna atakayempa usukani tena. Usukani huo ndio uliomlisha mkewe Annick na watoto wao.

Akaletwa, mtu mwembamba mwenye shati lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Munirah akamwonyesha mpira.

"Wa nini huu?"

"Wa maji, afande. Zamani hii motokari ilikuwa inachemka sana mu jam, nilikuwa naweka maji mu rejeta na ule mpira. Sasa haichemki tena, tangu fundi moja aliitengeneza mwaka jana. Iko baridi kabisa. Mshale ya joto inalala tu chini, na miye nafurahi."

"Na mafuta yanakwenda wapi?"

"Sijui. Ningejua ningesema." Akafikiri kidogo. "Niko Mukristo, afande, lakini sitaapa. Wezi pia wanaapaka."

Jibu hilo lilimpendeza Munirah kuliko viapo vyote alivyowahi kusikia katika chumba kile. Akamtaka asimulie safari ya juzi tangu kuwasha mpaka kuzima, asiache hata neno la kipuuzi. Mumbere akasimulia taratibu: foleni ya kutoka mjini, barabara kufunguka baada ya Mukono, mvua, mama akitetemeka nyuma. Akasema alifungua hita ampashe joto, lakini hata hita ilimkatalia, ikapuliza baridi. Akamalizia na gari kuzima, na kwamba hapo mwisho alinusa petroli kali nyuma ya gari, akadhani bomba limepasuka, akachungulia uvunguni kwenye mvua asione kitu.

Munirah akamrudisha mahabusu mwenyewe, bila pingu, na koplo akatikisa kichwa.

*

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na usafi wa kutisha. Sista Nuriat, mwanamke mrefu aliyezalisha nusu ya vijana wanaopiga kelele mitaa ile ya Kamwokya, alimpokea inspekta kwa heshima na bila tabasamu. Feni ilizunguka juu ya meza yake, na kila rundo la kadi za wajawazito lilikuwa limekandamizwa na kitu lisipeperuke: jiwe hapa, mkasi pale, na kwenye rundo kubwa kuliko yote kidude cha shaba chenye springi, kinene kama kofia ya chupa kubwa. Munirah, ambaye jicho lake halikuacha kitu mezani mwa watu, alikitazama, kisha akatazama kwingine.

Sista alieleza hoja yake upya, na ilikuwa imara vile vile. Hakuwa mwanamke wa chuki. Alisema Mumbere alikuwa dereva mpole kuliko wote aliowahi kuwa nao, na kwamba hilo ndilo lililomuuma. Munirah akaomba kumwona mama aliyejifungulia msituni.

Mama huyo, Namalwa, alikuwa amelala ubavu, binti yake kifuani. Munirah hakutaja hita wala mafuta. Alimuuliza tu anakumbuka nini.

"Baridi," Namalwa akasema. "Baridi tu, afande. Nikamwambia dereva, ssebo, nakufa baridi. Akafungua hewa ya moto, ikakuja ya friji. Akavua koti yake akanifunika, yeye akabaki na shati kwa mvua." Akamtazama sista, kisha akarudi kwa Munirah. "Mwizi gani anakuvulia koti?"

Sista Nuriat akatoka kwenda kuangalia maji jikoni, ingawa hakuna aliyesema maji yamechemka. Munirah akaomba funguo za Kaldina.

*

Nyuma ya soko la Kamwokya palikuwa na gereji ya Abdul-Latif, fundi wa Bombo kama Munirah mwenyewe, wajukuu wote wawili wa askari wa Kinubi. Abdul-Latif alijisifu asubuhi, akajisifu mchana, na jioni akawaachia majirani zamu. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu alijisifu mwenyewe na tembo lake likabaki kali. Mikono yake ilikuwa ya ajabu. Aliweza kufungua injini akizungumza na watu watatu, na kila skrubu ikalala mahali ilipotoka.

Alianza na plagi. Alipoichomoa ya kwanza, Munirah aliiona nyeusi, imejaa masizi makavu. Ya pili vivyo hivyo, na zote zilizobaki.

"Hili linakunywa, dada Munirah. Linakunywa na kumwaga."

"Basi petroli ilipita hapa," Munirah akasema. "Petroli iliyoibwa haiachi masizi kwenye plagi."

Huo ulikuwa ufa wa kwanza, lakini mwembamba. Mahakamani wangesema gari linakunywa na dereva naye anaiba, kimoja hakimzuii mwenzake. Alihitaji kujua kwa nini linakunywa, na kwa nini njiani tu.

Abdul-Latif akawahoji washukiwa mmoja mmoja, na Munirah akasimama kando akistaajabu, maana hata yeye hakuwahi kuona mahojiano ya haki kama yale. Kichujio cha hewa kikatolewa: kisafi, hakimkabi mtu. Akachomoa kibomba chembamba cha mpira kwenye kidhibiti cha mgandamizo wa mafuta, akakinusa, akampa Munirah akinuse. Kikavu, hakivuji. Akaziinua nozeli zote pamoja na bomba lake, akatandika gazeti chini yake, akaruhusu pampu isukume, na wote wawili wakaitazama karatasi kama watu wanaosubiri mwezi wa Idi. Hakuna tone lililoanguka.

"Sasa tuiulize kompyuta yenyewe," akasema. Gari la enzi zile halihitaji mashine za kisasa. Akaunganisha matundu mawili ya kisanduku kidogo chini ya boneti kwa kipande cha waya, akawasha swichi, na taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kumetameta, haraka na kwa mfululizo usiobadilika. Abdul-Latif akaitafsiri kwa majivuno ya mkalimani. Hakuna kosa. Sensa zote ziko hai na zote zinasema sawasawa.

Wakalirudishia kila kitu, wakaliwasha. Kwanza likatoa moshi mweusi wenye harufu kali ya petroli. Lakini kadiri lilivyounguruma pale uani, ndivyo moshi ulivyofifia, mpaka ukaisha kabisa na injini ikatulia vizuri.

Abdul-Latif akafuta mikono. "Nasikitika kwa mtu wako. Gari halina kosa, masizi yale ni ya kuwashwa likiwa baridi tu. Kompyuta imeshuhudia, na umeona mwenyewe."

Katika siku hiyo nzima huo ndio ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Ushahidi wa kitaalamu sasa ulikuwa upande wa mashtaka. Munirah akaketi juu ya tairi la zamani, akaufikiria ushahidi kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kama baba yake, dereva wa malori, alivyomfundisha kutafuta kitu kilichopotea.

Magari yote anayoyajua hunywa sana kwenye foleni na kidogo kwenye barabara wazi. Hili lilifanya kinyume. Basi barabara wazi ina nini ambacho foleni haina?

"Upepo," akasema kwa sauti.

Abdul-Latif akamwangalia.

"Kaka Latif, injini ikiwa baridi kompyuta hufanya nini?"

"Inaongeza mafuta mpaka ipate moto. Hilo hata kondakta anajua."

"Na isipopata moto?"

Fundi akageukia injini. Gari likaendelea kuunguruma, limepata moto kwa sababu lilikuwa limesimama.

"Dereva alifungua hita ikapuliza baridi," Munirah akasema. "Mgonjwa amesema vile vile, na sikumuuliza habari za hita. Hita hupata joto lake kwa maji ya injini. Injini imeenda mwendo wote ule kutoka mjini na maji yake bado baridi. Sisi tunamtafuta shahidi mwongo, na hayupo. Sensa iliiambia kompyuta injini ni baridi, na ilikuwa baridi kweli. Kompyuta ikaongeza mafuta, na ilifanya haki. Kila mmoja alisema kweli, hata Mumbere."

Ninayewasimulia nimeshaona wapelelezi wakijipatia vyeo kwa kumpiga mtu makofi mpaka aseme wanachotaka. Huyu aliketi juu ya tairi, akaamini kwamba watu wote wanasema kweli, akatafuta ni jambo gani moja litakalozifanya kweli zote zikae pamoja. Mwacheni ajivune. Lakini hakujivuna, alikuwa akimtazama Abdul-Latif.

Mkono wa fundi ulikuwa umeshakwenda wenyewe kwenye bomba la rejeta, pale linapoingia kwenye injini, ukasimama. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekumbuka sufuria motoni.

"Themostati," akasema polepole. "Kile kimlango cha shaba chenye springi, kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likichemka, tunakitoa. Sote tunakitoa, dada. Mimi mwenyewe nimevitoa sijui vingapi. Tunawaambia wenye magari kwamba ni kitu cha Wazungu wa theluji, Uganda hakina kazi. Maji yanazunguka moja kwa moja, gari halichemki, mteja anashukuru." Akacheka bila furaha. "Nimewahoji wote, nikamsahau yule ambaye hata sikutegemea kumkuta nyumbani."

Alitaka kufungua pale pale. Munirah akamzuia. Alichotaka ni mlalamikaji aone kwa macho yake, na aone kabla ya kuambiwa.

*

Sista Nuriat aliketi kiti cha mbele, Abdul-Latif nyuma juu ya godoro, Munirah akashika usukani. Kwenye msongamano wa Kalerwe mshale wa joto ulipanda ukasimama katikati. Munirah akamwomba sista auangalie tu. Walipoingia Northern Bypass na barabara ikafunguka, akakanyaga mafuta. Wakaipita Kyebando, wakaipita Kisaasi, na mshale ukaanza kuinama, mdogo mdogo, mpaka ukalala chini kabisa. Harufu ya petroli ikawafikia kutoka nyuma.

Munirah akafungua hita. "Weka mkono hapo, sista."

Sista akauweka. Akauacha pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuhisi baridi.

Waliporudi uani kwa zahanati injini ilikuwa bado vuguvugu tu. Abdul-Latif akafungua bolti za kikombe cha maji, pale bomba la rejeta linapoingia kwenye injini, akakiinua, akamwachia sista nafasi achungulie. Ndani palikuwa wazi. Palikuwa na maji yenye kutu na nafasi ya mviringo ambayo kitu kilipaswa kukaa.

"Hapa kulikuwa na kidude cha shaba chenye springi," Munirah akasema kwa upole. "Bila hicho, barabara wazi inaipoza injini, na injini iliyopoa inakunywa. Mjini, kwenye foleni, haipoi. Ndiyo maana vipimo vyako mjini vilikuwa sawa."

Hakusema zaidi. Alishajua, tangu fundi alipolitaja lile jina, kitu hicho kilipo, lakini si kila kitu mpelelezi anachokijua ni chake kukisema. Kikulacho ki nguoni mwako, na mwenye nguo ndiye anayepaswa kukitoa.

Sista Nuriat aliinama tena akachungulia. Halafu akaingia ndani. Kupitia dirishani walisikia kadi zikipeperushwa na feni. Aliporudi alikuwa amekishika kile kidude cha mezani kwa vidole viwili, kama anavyoshika kitu kichafu.

"Fundi wa mwaka jana alinipa mkononi," akasema. "Aliniambia hakina kazi nchi hii. Nikamshukuru. Nikamwongezea na chai."

Abdul-Latif alikipokea kwa adabu isiyo ya kawaida yake. Akaomba sufuria. Jikoni, katika maji yale yale ya kuchemshia vyombo, walikitumbukiza na kukitazama watatu. Maji yalipokaribia kuchemka, kile kimlango kikajisukuma, kikafunguka wazi. Alipokitoa na kukiacha kipoe, kikajifunga tena taratibu. Kilikuwa kizima muda wote huo kikikandamiza kadi.

Akakirudisha mahali pake, akakikatia gasketi mpya kutoka ubavu wa boksi la dawa. Na alipokuwa akikaza bolti ya mwisho, sista akavaa kitambaa chake cha kichwa na kumuuliza Munirah kituo kinafungwa saa ngapi. Munirah akamjibu kwamba kituo hakifungwi.

Sista alifuta mashtaka kwa mkono wake, akiwa amesimama, mbele ya koplo yule yule. Mumbere alipotolewa, hakuuliza nani alisema nini. Aliuliza kama yule mama wa msituni alikuwa salama, na kama mtoto ananyonya.

*

Faili lingeweza kufungwa hapo. Lakini Munirah hakuamini jibu mpaka aone barabara ikilikubali, kwa hiyo asubuhi iliyofuata, saa ambayo Mumbere angekuwa kizimbani, tangi lilikaushwa na sista akapima penye pampu lita zile zile za siku ile, bila kuongeza hata tone. Namalwa alikuwa anarudishwa kwao na binti yake. Inspekta aliketi nyuma pamoja nao, juu ya godoro, buti zake mkononi.

Mvua iliwakuta wakiwa wameshauacha mji. Mshale wa joto ulikuwa umesimama katikati na haukutikisika, si barabara ilipofunguka wala upepo ulipozidi. Hakuna harufu iliyowafuata. Wakaupita msitu, wakamfikisha Namalwa mlangoni kwao, wakageuza. Kwenye kurudi wakaingia tena Mabira. Mumbere alipunguza mwendo mahali fulani ambapo majani ya kando ya barabara yalikuwa bado yamelala, kisha akapaacha nyuma, na gari halikukohoa.

Sista Nuriat ndiye aliyenyoosha mkono akafungua hita. Hewa ikatoka ya moto. Akaweka viganja vyote viwili pale, akalia waziwazi bila kujificha, mwanamke ambaye Kamwokya nzima haikuwahi kumwona akilia.

"Nilipima kila kitu, Mumbere," akasema. "Kukuuliza tu ndiko sikukuuliza. Nisamehe."

Mumbere alitazama barabara. Walikuwa karibu na Najjembe, na wauza gonja walikuwa wakikimbilia magari kwenye mvua.

"Mama Sista," akasema, "tusimame hapa kidogo. Yule mama wa gonja alinisaidia siku ile, sikumushukuru bado."

Akaliegesha gari kando, akaacha injini ikiunguruma, na sista akashuka naye.